Aliyekemea Pombe Ndiye Aliyebeba Mikataba

Wakenya wachache wamepita shule bila kukutana na Joseph Thomson, hata kama jina limewatoka. Maporomoko ya Nyahururu yaliitwa kwa jina lake miaka mingi, na yule swala mdogo mwenye ukanda mweusi ubavuni anajulikana duniani kuwa ni wa Thomson. Vitabu vya shule humtaja kama Mskochi aliyekatiza Umasaini mwaka 1883 akafika Nyanza, kisha vinaendelea na mengine. Lakini huku Munje, kusini ya Msambweni kuelekea Funzi, nimeanza kulisikia jina hilo kwa namna nyingine. Inasemwa kwamba alikuwa Mzungu aliyewasema Wazungu wenzake, aliyepita bara bila kuua mtu, aliyeutetea Uislamu gazetini London, na kwamba kwa hiyo alikuwa upande wetu. Nimeyasikia barazani baada ya alasiri, kwa vijana wanaowatembeza wageni, na kwa walimu ninaowaheshimu.

Nimeamua kujibu madai hayo moja baada ya jingine kwa sababu hayakosi ukweli, na dai lenye ukweli nusu hudumu kuliko uongo mtupu. Msimamo wangu nausema mapema. Thomson alichukizwa na namna dola za Ulaya zilivyoingia Afrika, na aliyaandika hayo bila woga. Hakuchukizwa na kuingia kwenyewe. Ushahidi wake tuupokee, lakini uwakili tusimpe.

Wanasema kwanza kwamba wasafiri wote wa Kizungu wa karne ya 19 walikuwa wapiga debe wa dola zao, isipokuwa yeye.

Nianze na lililo kweli. Machi 1890 jarida la Contemporary Review la London lilichapisha makala yake kuhusu matokeo ya Mzungu kukutana na Mwafrika. Hoja yake ilikuwa nzito: ukiyaweka kwenye mizani mema yaliyoletwa na wamisionari, na upande wa pili bunduki, baruti na pombe kali zilizoshushwa na meli zile zile, upande wa pili unalemea mbali. Kwa kila Mwafrika mmoja aliyenufaika, alidai, wengi mno walididimizwa. Hakuwa akisimulia ya kusikia. Mwaka 1885 alipita pwani ya Afrika Magharibi na mto Niger akaona makasha ya pombe ya Ulaya yalivyokuwa nguzo ya biashara. Msomaji wa London alizoea kuambiwa kwamba biashara na Injili huingia Afrika zikishikana mikono na nuru ikifuata. Kuambiwa kinyume chake na msafiri aliyetunukiwa nishani ya Shirika la Kifalme la Jiografia lilikuwa jambo zito, na sitaki kulipunguza.

Hata hivyo hakuwa peke yake, wala hakuwa mkali kuliko wote. Mwaka ule ule, tarehe 18 Julai 1890, George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyepigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake na baadaye akawa mwanahistoria, alimwandikia Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, mwenye dola ya Kongo, barua ya wazi kutoka Stanley Falls. Ndiyo Kisangani ya leo, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa kimekwisha kufika pamoja na misafara ya mfanyabiashara Tippu Tip. Williams hakuishia kwenye pombe. Alimwambia mfalme kwamba ardhi ya watu imetwaliwa kwa mikataba ya ulaghai, kwamba askari wake wanapora vijiji kwa chakula, kwamba serikali yake yenyewe inashiriki katika utumwa inaodai kuupiga vita, na akataka tume ya mataifa iundwe ichunguze. Aliishitaki dola kwa jina lake na kwa jina la mwenye nayo.

Soma maandishi hayo mawili ya mwaka mmoja ubavu kwa ubavu, utaona tofauti ambayo wapenzi wa Thomson hawaigusi. Thomson anauliza kwa nini wageni wanafanya vibaya. Williams anauliza ni nani aliyewapa haki ya kuwa pale. Swali la kwanza lina jibu ambalo mkoloni yeyote anaweza kulimeza: tuma wageni wengine walio bora. La pili halina jibu la namna hiyo.

Dai la pili ndilo linalopendwa kuliko yote: kwamba alikwenda hadi Nyanza na kurudi bila kumwaga damu ya Mwafrika. Ukimlinganisha na Henry Morton Stanley, aliyepigana njiani mara kwa mara na kuyaandika mapigano hayo kwa majivuno, sifa hiyo Thomson anaistahili. Yeye mwenyewe aliifanya fahari yake, na kauli aliyopenda kuirudia kuhusu safari inakaribiana na msemo wetu wa pole pole ndio mwendo.

Lakini alipitaje? Msafara uliondoka pwani Machi 1883. Mbele yake alikuwa ametangulia Mjerumani, Gustav Fischer, na safari ya Fischer ilikuwa imewachafua roho Wamasai. Thomson alipofika mpakani mwa nchi yao na kuuona uhasama uliowashwa na safari hiyo, alirudi nyuma hadi Taveta, akateremka tena pwani kujiongezea nguvu. Alipoingia mara ya pili alijitangaza kuwa mganga mkubwa. Alikuwa na meno mawili ya bandia, akawa anayang'oa mbele za watu na kuyarudisha mahali pake. Alikuwa pia na chumvi ya Eno, ile ile dawa ya tumbo ambayo leo utaikuta katika paketi ndogo katika duka lolote la Msambweni. Aliimwaga katika maji, ikafoka povu, na waliokuwa wakitazama wakaachwa waamini kwamba ndani ya kikombe mna nguvu za kutisha.

Watu husimulia kisa hiki kama ushahidi wa werevu na upole wake. Kweli, povu ni afadhali kuliko risasi. Ila mtu mwenye meno ya bandia alijua wazi kwamba meno hayo hayana uganga, na alichagua kuwaacha wenyeji katika woga ili apite. Katika barua yake Williams anaeleza kwamba maajenti wa Leopold walificha waya wa betri chini ya koti, ili chifu akipewa mkono atetemeke na kuona kwamba Mzungu ana nguvu zisizo za kawaida, na kwamba waliwasha sigara kwa kioo cha kukuza wakidai jua linawatii. Baada ya hapo karatasi ya mkataba ilifunguliwa. Sitamsingizia Thomson kwamba aliinyakua Umasaini kwa chumvi ya Eno. Alitaka njia, hakutaka saini. Lakini hila hizo ni za ukoo mmoja.

Kuna damu nyingine ambayo dai hili halihesabu. Mizigo ya Thomson, yaani nguo, shanga, nyaya, baruti na vyombo vya kupimia, ilibebwa na watu wa pwani hii, wengi wao walioandikishwa Unguja na wengine Mombasa. Kitabu chake cha 1885 juu ya safari ya Umasaini hakifichi kwamba nidhamu ya msafara ilitegemea fimbo, wala kwamba usiku kuliwekwa walinzi wa kuwazuia wapagazi wasitoroke. Tukisema hakumwaga damu ya Mwafrika, je, mgongo wa mpagazi wa Mombasa si mgongo wa Mwafrika? Hao ndio babu zetu hasa, kuliko Wamasai waliopitiwa. Wakubwa wa msafara kina Muhinna na Makatubu wametajwa kwa majina. Wengi wa waliobeba hawana jina popote.

Njia nayo haikubaki ya mtu mmoja mpole. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliifuata njia fupi ya Umasaini, akaingia Busoga, na huko akauawa Oktoba kwa amri ya Kabaka Mwanga, ambaye alikuwa na sababu za kuogopa wageni wanaotokea upande wa mashariki. Mwaka 1888 Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilipata hati yake ya kifalme, na misafara yake ikaelekea Uganda kupitia nchi ambayo kabla ya Thomson Waingereza hawakuwa na ramani yake. Mwaka 1896 reli ikaanza kujengwa kutoka Mombasa. Thomson alikuwa mpole njiani. Waliokuja nyuma yake walihitaji ramani yake, upole wake hawakuuhitaji.

Tuje kwenye pombe, maana hapa ndipo penye kiini cha mambo. Dai lenyewe husemwa hivi: aliyeipinga pombe ya wakoloni aliupinga ukoloni.

Mtu wa Munje ana nafasi nzuri ya kulipima hili, kwa kuwa anajua kinywaji cha nyumbani kinavyopatikana. Mgema hupanda mnazi alfajiri na jioni kwa vidaraja vilivyochongwa kwenye shina, kisu kiunoni. Hukata ncha ya karara kidogo tu, unene wa kucha, ili utomvu uendelee kutiririka, kisha hufunga kibuyu chake na kushuka na kilichojaa. Uchi wa mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, na ukiuacha siku chache umekuwa siki. Hauwekeki ghalani. Huwezi kuulimbikiza hadi ununue nao bunduki, wala huwezi kumlipa nao kibarua mshahara wa mwezi. Sisi Waislamu hatuunywi, na wazee wetu waliukemea tangu zamani. Lakini hata anayeukemea anajua kwamba unamalizikia pale pale ulipogemwa, na faida yake inabaki kwa mwenye mnazi na mgema.

Pombe kali ya kasha ni kitu kingine kabisa. Haiharibiki. Inasafiri miezi baharini, inahesabika kwa chupa, inageuka kuwa fedha. Katika sehemu za pwani ya Afrika Magharibi ilitumika kulipia mawese, kulipia vibarua, hata kulipia faini. Aliyeishika bei yake alikuwa nje ya bara hili, Hamburg, Rotterdam au Liverpool. Thomson aliyaona madhara yake kwa wanywaji na akayaeleza vizuri. Lakini hoja iliyokuwa imeenea Uingereza wakati ule, hata miongoni mwa wafanyabiashara wa nguo, ilikuwa kwamba mlevi hanunui kitambaa. Kuondoa pombe kulikuwa pia kusafisha soko. Mtu aliweza kuwa mpinzani mkubwa wa pombe huku akitaka soko lenyewe lipanuke, na lilindwe na bendera.

Angalia kalenda ya Julai 1890. Tarehe 1, Uingereza na Ujerumani zilitia saini makubaliano yaliyoitoa Witu mikononi mwa Wajerumani, yakaiweka Unguja na Pemba chini ya ulinzi wa Uingereza, na yakausukuma mpaka wa mwaka 1886, ule unaoanzia mdomo wa mto Umba karibu na Vanga, hadi ng'ambo ya ziwa Nyanza. Wajerumani walipewa kisiwa kidogo cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Kesho yake, tarehe 2 Julai, huko Brussels, dola hizo hizo na nyingine zilitia saini mkataba wa kupiga vita biashara ya watumwa, na ndani yake ukachorwa ukanda mkubwa wa Afrika ambamo silaha na pombe kali zingezuiwa au kutozwa kodi. Jumanne waligawana nchi, Jumatano wakaahidi kuilinda na chupa. Sioni kwamba dola hizo zilijikana zenyewe. Zilikuwa na kazi moja yenye mikono miwili, na makala ya Thomson ya Machi iliusifia mkono mmoja bila kuugusa mwingine.

Wala hatulazimiki kubahatisha nia yake, kwa kuwa matendo yake yameandikwa. Mwaka 1885, miezi michache baada ya kurudi kutoka kwetu, aliajiriwa na kampuni ya Uingereza iliyokuwa ikishindania mto Niger, ile iliyopata hati ya kifalme mwaka 1886 na kuitwa Royal Niger Company. Alikwenda Sokoto na Gwandu akarudi na mikataba. Watawala wa Sokoto hawakujiona kuwa wameuza mamlaka yao kwa mpita njia mwenye zawadi. Huko London karatasi ile ilitumika kama ushahidi kwamba eneo lile ni la Waingereza na wengine wakae mbali. Machi 1903 jeshi la Waingereza chini ya Frederick Lugard liliingia Sokoto kwa mizinga.

Kisha tazama mwaka wa makala yenyewe. Wino wa Contemporary Review haujakauka, Thomson akaingia katika utumishi wa Cecil Rhodes, tajiri wa Kiingereza wa Kusini mwa Afrika. Kampuni ya Rhodes ilimtuma mwaka huo huo wa 1890 aende Katanga kumfikia Mwami Msiri, mtawala wa huko, apate saini yake kabla watu wa Leopold hawajaipata. Njiani, katika nchi ambayo leo ni Zambia, alikusanya mikataba kwa machifu. Msafara wake ukapigwa na ndui karibu na ziwa Bangweulu akashindwa kufika. Desemba 1891 msafara mwingine uliotumwa kwa niaba ya Leopold ulimfikia Msiri na kumuua. Thomson hakuhusika na kifo hicho. Lakini kama ndui isingeuzuia msafara wake, karatasi ya Katanga ingebebwa na mtu yule yule aliyewaambia Waingereza kwamba kukutana na Mzungu kumemwangamiza Mwafrika. Aliyaamini yote mawili. Kwake dawa ya ukoloni mbaya ilikuwa kampuni yenye hati ya kifalme na watu waadilifu. Sisi wa pwani ya kusini tuliishi chini ya kampuni ya aina hiyo kuanzia 1888 hadi 1895.

Sasa suala la Uislamu, ambalo ndilo linalowagusa wengi huku. Ni kweli kwamba mwaka 1886 Thomson aliandika kwa heshima juu ya Uislamu wa Sudani ya Magharibi, na kwamba Novemba 1887, katikati ya mabishano makali kwenye gazeti la The Times, alisema kinyume na makasisi wengi: ikiwa biashara ya watumwa imestawi Afrika Mashariki na Kati, ni kwa sababu Uislamu haujaenea huko, maana ungalienea ungaliikomesha. Wapo wenzangu wanaoitumia kauli hii kama cheti cha kutusafisha.

Cheti hicho sisi Waislamu wa pwani hatupaswi kukipokea. Hoja ya Thomson ina msingi mmoja wa kisheria ulio sahihi: sharia hairuhusu kumfanya Muislamu mtumwa, kwa hiyo mateka walitafutwa kwa wasio Waislamu. Lakini walionunua walikuwa nani? Mashamba ya minazi na nafaka kuanzia Vanga na Gazi hadi Malindi yalilimwa na watumwa, na mabwana wao walikuwa wakiswali misikiti hii hii tunayoswali. Pango la Shimoni linasimuliwa hadi leo kama mahali pa kuwafungia watu. Hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika pwani ya Kenya hadi 1907. Tukimtumia msafiri wa Kiskochi kujisafisha na hayo, tunawatukana wajukuu wa waliolima mashamba yale, na wajukuu hao ni majirani zetu. Wengine ni sisi wenyewe.

Tena sifa ile ilikuwa na matumizi. Aliyesema kwamba Sokoto ina dola yenye adabu, makadhi na maandishi, alikuwa pia anasema kwamba Sokoto ina watawala ambao Uingereza inaweza kuafikiana nao. Baadaye Lugard alitawala Kaskazini ya Nigeria kupitia watawala wa nasaba hizo hizo. Kupendwa na mgeni hakukuwaokoa.

Dai la tano nalipitia haraka. Wanasema Thomson aliwaambia Wazungu kwamba nchi hii haina utajiri, akitaka waiache. Alisema hivyo kweli. Mwaka 1881 Sultani Barghash alimwajiri aende mto Ruvuma kutafuta makaa ya mawe. Akarudi na habari kwamba hakuna makaa ya maana, na Sultani hakufurahi. Katika vitabu vyake pia aliwaonya wenzake kwamba bara halitawatajirisha kama wanavyoota. Hiyo ni hesabu ya faida na hasara. Siku hesabu ilipoonyesha faida, kama ilivyodhaniwa Katanga, alifunga mizigo akaenda.

La mwisho linaniuma zaidi, na kwa kawaida halisemwi waziwazi. Limejificha ndani ya furaha ile ya kumpata Mzungu aliyetusemea. Ni dhana kwamba sisi wenyewe hatukusema.

Tulisema, tena kwa maandishi. Wakati Thomson akiandika makala yake, upande wa pili wa mto Umba, Hemedi bin Abdallah al-Buhriy alikuwa shahidi wa vita vya Wajerumani dhidi ya watu wa Mrima, vita vilivyoanza 1888, ambamo Abushiri bin Salim alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Hemedi aliitungia vita ile utenzi mzima, kwa Kiswahili, kwa hati ya Kiarabu, na ndani yake mvamizi anaitwa mvamizi. Utenzi huo umechapishwa na kufasiriwa. Kutoka Munje hadi nchi ya Tanga ni karibu kiasi kwamba watu wetu wana ndugu pande zote mbili za mpaka. Ni kwa nini basi mwanafunzi wa Msambweni anamjua swala wa Thomson na hamjui Hemedi?

Na tulisema kwa kukataa. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui wa Gazi si mtu msafi wa kuchongewa sanamu: alikuwa na watumwa, aliwahi kuelewana na Kampuni ya Afrika Mashariki ilipomfaa, na Wadigo wana kumbukumbu zao chungu juu ya watu wake. Lakini mwaka 1895, Kampuni ilipoamua yenyewe ni nani atakuwa liwali wa Takaungu na kumsukuma kando jamaa wa Mbaruk, yeye alimpokea jamaa huyo Gazi na kukataa kumtoa. Hoja iliyopiganiwa ilikuwa ile ile ya Williams: nani amewapa haki ya kututeulia? Tarehe 1 Julai 1895 Kampuni iliondoka na serikali ya Uingereza ikashika hatamu. Julai hiyo Gazi ikakaliwa. Tarehe 2 Agosti Thomson alifariki London akiwa na umri wa miaka 37. Tarehe 17 Agosti Admirali Harry Rawson aliiteka Mweele, ngome ya Mbaruk huko bara nyuma ya Gazi. Vita viliendelea hadi mwaka uliofuata, askari wakaletwa kutoka India, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka mpaka na maelfu ya wafuasi wake kujisalimisha kwa Wajerumani. Hakurudi tena Gazi. Alifia upande wa Wajerumani mwaka 1910.

Vijana huniambia, yote hayo yamepita, kuna ubaya gani kufurahia kwamba alikuwepo Mzungu mwema? Ubaya ni kwamba kipimo cha Mzungu mwema kinatufanya tutafute ukoloni mahali pa risasi na chupa tu, wakati hapa Kwale uliingia zaidi kwa karatasi. Desemba 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Unguja kuutawala ukanda wa pwani kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka. Wenye kuishi ndani ya ukanda huo hawakuulizwa, na makubaliano hayo yalidumu hadi 1963. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi ya pwani: kila mwenye kudai kiwanja au shamba alitakiwa apeleke dai lake lisajiliwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya serikali. Waliojua ofisi, lugha yake na namna ya kumiliki mtu mmoja mmoja walipata hati. Jamii za Kidigo, ambazo ardhi yao ilishikwa na ukoo na si na mtu, ziliachwa bila karatasi juu ya ardhi waliyozikia wazee wao, na watoto wao wakaja kuitwa maskwota katika nchi yao wenyewe. Kesi za ardhi zinazoanzia Diani na kushuka hadi Vanga zina mzizi hapo.

Sheria ile haikushusha kasha hata moja la pombe, haikumtandika mtu fimbo, wala haikufyatua bunduki. Ukiipima kwa makala ya Machi 1890 huioni kosa lake, kwa kuwa mwandishi wa makala ile hakuwahi kuishitaki karatasi. Yeye mwenyewe alikuwa akizibeba mkobani.